Kalamu ya Mpini wa Jembe

Mama Vumbi alikuwa na mazoea ya kumtazama mtu kwa pembeni, shingo imepinda kidogo, na waliomfahamu walidhani ni dharau. Hawakukosea sana. Dharau alikuwa nayo ya kutosha, na nyingine ya akiba. Ila siku hizi hakuwa na namna nyingine ya kutazama. Katikati ya macho yake palikuwa na doa, kama mtu amegandamiza kidole gumba chenye masizi kwenye kioo, na chochote alichokielekezea uso kiliingia ndani ya doa hilo kikapotea. Ukisimama mbele yake aliona masikio na mabega yako, sura haikuwepo. Akigeuza shingo, sura ilijitokeza kwa mbali, imejaa ukungu, lakini ilitosha kumjua mtu. Daktari wa macho alimweleza kwamba doa litakua, taratibu, na kwamba dawa ya kulifuta hakuna. Mama Vumbi alimshukuru, akarudi kwenye chumba chake cha kazi, akawasha mashine. Hakumwambia mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa ubavuni mwa duka la mchonga mihuri, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia upande upande kama kaa. Kulikuwa na dirisha moja, jiliwa ya kubania mti iliyofungwa kwenye meza, patasi zimetundikwa ukutani kwa urefu wake, na katikati ya yote kerezo, ile mashine inayouzungusha mti huku fundi akiuchonga uwe mviringo. Hapo ndipo Mama Vumbi alipokereza kalamu. Si kalamu za kununua na kutupa. Zake zilikuwa za miti ya kila rangi, zimepakwa nta zikang'aa, zenye vichwa vya shaba, za kumpa mtu unayemheshimu au unayetaka akuheshimu. Vumbi la miti hiyo lilimkaa nyweleni, kwenye nyusi na ndani ya mikunjo ya shingo, na jina likaja lenyewe.

Kazi aliirithi kwa babake, fundi wa vitanda, ingawa mzee mwenyewe hakukusudia kumrithisha. Alisema msichana kazi yake ni kufagia maranda. Basi binti akafagia. Alifagia polepole kuliko mfagiaji yeyote duniani, macho yako juu ya patasi, hata mzee akawa anauliza kama huo ni ufagio au ni mgonjwa anayeuguzwa. Siku moja mzee alikwenda kupima mlango wa mtu, akarudi akakuta mguu wa kitanda umezidi kwenye fungu. Aliipanga yote chini, akaikagua, hakuweza kujua upi si wake. Hakusifu. Alichukua ufagio kwa binti akamkabidhi kakake. Kaka hajamsamehe mpaka leo.

Alikereza miguu ya vitanda mpaka ujana ukaisha. Halafu akaichoka. "Mguu wa kitanda unatazamwa na panya tu," alisema. "Mimi nataka kitu ambacho mtu atakishika kila siku." Watu walicheka. Mumewe, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote, halafu akamsaidia kubeba mashine kwenda chumba cha dirisha moja.

Kalamu ni kazi ndogo yenye masharti makubwa. Unachukua kipande cha mti, unakikata nusu mbili, ya juu na ya chini. Kila nusu unaitoboa katikati kwa keekee, unaitia kibomba cha shaba kwa gundi, unaikereza, unaisugua kwa msasa mpaka kidole kikipita kutoka kwenye mti kwenda kwenye chuma kisihisi kwamba kimevuka mpaka. Sharti kuu ni moja: nusu mbili zile ni ndugu wa tumbo moja. Mistari ya mti iliyoanza juu lazima iteremke mpaka chini bila kukatika, kama vile msumeno haukupita. Ndiyo maana kabla ya kukata unapiga mstari mwembamba wa penseli ubavuni, ili ujue nusu ipi ilikutana na ipi, na upande gani. Penseli, si kitu kingine. Babake alikuwa akisema mti wa mteja haukwaruzwi, na aliyeukwaruza alikwaruzwa yeye.

Sasa, huyu alikuwa mtu asiyeuona mstari wa penseli.

Kwa muda alijidanganya. Alipanga nusu zake mezani kwa utaratibu, kushoto ya juu, kulia ya chini, akakariri. Masikio yalimwambia patasi imefika wapi, kwa sababu mti unapokonda sauti yake hupanda. Vidole vilimwambia mengine. Kalamu zilitoka safi, wateja wakafurahi, naye akaanza kuamini kwamba macho ni anasa tu, kama viatu vya ngozi.

Ndipo alipokuja Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, na chini ya kwapa alikuwa amebeba mpini wa jembe.

"Huu ni wa marehemu mama," alisema. "Alilima nao akatusomesha wote. Binti yangu anaanza kazi ya uhakimu. Nataka kila hukumu atakayoisaini, aisaini akiwa ameshika hiki alichoshika bibi yake."

Mama Vumbi aliupapasa mpini. Ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

"Una mstari mweusi, unauona?" Mwalimu aliuliza. "Toka juu mpaka chini, ndani kwa ndani. Nikiwa mdogo nilikaa pembeni ya shamba, nikawa nautazama tu unavyopanda na kushuka mkononi mwake. Nikiuona mstari ule namwona mama."

"Nauona," alisema Mama Vumbi. Ulikuwa uongo mtupu, ukatoka laini kama mpini wenyewe.

Alianza kazi kwa mapenzi makubwa. Lakini wakati gundi inakauka, paka wa mchonga mihuri alipita mezani akaangusha nusu zote mbili. Mama Vumbi alimtukana paka, akamtukana mwenye paka, akainama akaziokota. Akazipanga tena, kushoto na kulia, kwa imani. Kalamu ilipokamilika aliipeleka kwa jirani yake, yule mchonga mihuri, achonge jina la hakimu mpya. Jirani aliipokea, akaigeuzageuza mkononi, akachonga, akairudisha. Mama Vumbi aliiweka kwenye kijisanduku chake akajiona fundi.

Siku Mwalimu alipokuja kuichukua, mwanawe Mama Vumbi naye alikuwepo, amemletea mama chakula. Mwanawe huyu aliitwa Meneja tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akipanga viatu vya wageni mlangoni na kumuuliza kila mmoja mbona amechelewa. Alipokua akapata kazi kwenye ofisi ya bima. Ilimfaa kabisa, maana kazi yenyewe ni kushinda kutwa ukifikiria mabaya ambayo hayajatokea.

Mwalimu alifungua kijisanduku. Mama Vumbi alisubiri ile sauti aliyoizoea, watu huguna kidogo, kama mtu aliyeonja kitu. Haikuja.

"Ni nzuri," Mwalimu alisema. "Nzuri sana. Mungu akubariki."

Aliisema kwa namna watu wanavyosema msibani.

"Mama," Meneja aliuliza, naye amechungulia, "mbona mstari umekatika? Huku juu uko mbele, huku chini umekwenda nyuma. Ndiyo mtindo?"

"Umekatika wapi? Lete hapa!"

Meneja alimnyooshea kalamu. Kalamu ikaingia ndani ya doa. Mama Vumbi alipeleka mkono, mkono ukapita kando, ukashika hewa. Ukarudi, ukashika tena hewa. Mwishowe Meneja alimwekea kalamu kiganjani, akamkunjia vidole, kimoja kimoja, kama anavyokunjiwa mtoto peremende.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Mama."

Mwalimu akajaribu kuzima moto. "Jamani, haidhuru. Si neno. Mti ni ule ule, na binti yangu wala hajui—"

"Kuna neno!" Mama Vumbi alipiga meza, msasa ukaruka. "Kuna neno kubwa sana. Nimekuharibia mpini wa mama yako, halafu nikakwambia uongo kwamba nauona mstari. Usinihurumie. Nikasirikie, nitakuelewa. Mpini ulikuwa umeliwa na wadudu ndani; kipande kizima kilichobaki kiko chini ya meza, kinatosha kalamu moja tu. Njoo Jumamosi."

Mwalimu alimtazama Meneja, akamtazama Mama Vumbi, akaitikia kwa kichwa, halafu akakumbuka, akaitikia kwa mdomo. "Jumamosi." Akaondoka ameacha kijisanduku juu ya meza.

Alipotoka, Meneja alifunga mlango.

"Jumamosi na mimi nakuja," alisema. "Nakuja na yule fundi samani anayeitaka mashine siku nyingi. Utahamia kwetu. Mkweo ameshasema chumba kipo."

"Mkwe wangu ana roho nzuri. Mwambie chumba chake alaze wageni."

"Hiyo patasi siku moja itaruka! Umesahau ile iliyokuchana mkono, na wakati huo ulikuwa unaona? Mimi kila simu ikilia nafikiri ndiyo hiyo, nitakukuta sakafuni hapa, umelala kwenye maranda. Naogopa, mama. Nakwambia ukweli, naogopa."

Hilo lilimchoma. Mtoto akisema anaogopa, mama hubaki mama, hata kama mtoto ana mvi kidevuni.

"Na mimi naogopa," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema. "Naogopa kiti cha sebuleni kwako. Nitakaa pale niulizwe kama nimekunywa chai. Nitasikiliza redio mpaka nijue matangazo ya sabuni kwa moyo. Macho yanakwenda, sawa, na yaende, hayakuniaga. Mikono nayo unataka uninyang'anye?"

"Sikunyang'anyi. Nakuokoa."

"Mashine ni yangu. Jumamosi njoo na unayemtaka, njoo hata na jeshi."

Meneja alifungua mlango akatoka. Chakula alichokileta kikapoa pale pale.

Mama Vumbi alichukua kipande cha mwisho cha mpini, akachukua penseli, akapiga mstari. Aligeuza shingo huku na huku. Akakisogeza dirishani. Akapiga mwingine, mnene zaidi. Mti ulikuwa wa kahawia tu, mtupu. Akaitupa penseli ukutani, akakaa kwenye stuli, akalia kwa hasira, machozi yakateremka yakachora mifereji kwenye vumbi la mashavu.

Mchonga mihuri alimkuta hivyo. Walikuwa watani wa miaka mingi, na mtani hana adabu hata palipo na kilio.

"Nani kafa? Nisije nikachanga bure."

"Wewe," Mama Vumbi alisema, "kalamu ya Mwalimu ulipokuwa unaichonga jina, uliona mstari umekatika?"

Jirani akakuna shingo. "Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani... basi tu. Nilikuonea huruma. Nimejua tangu siku ile ulipomkaribisha mzoa taka ukamwita mteja."

"Huruma!" Alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Huruma yako imemkata mama wa watu vipande viwili. Haya, sikia basi, nakwambia kwa mdomo wangu: sioni. Naona pembeni tu, na hiyo pembeni nayo iko njiani. Umesikia? Sioni!"

Alilisema kwa sauti ya kusikika barabarani, na barabarani mtu mmoja alisikika akiuliza kuna nini. Ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameumbuliwa akiwa mzima, jambo lenye nafuu yake.

"Basi niachie mimi," jirani alisema, sasa bila mzaha. "Kila kalamu niite, nitakupigia alama, nitakupangia nusu. Nitakuwa macho yako."

"Macho yaliyoona yakanyamaza? Ahsante, ninayo mengine ya namna hiyo." Kidole chake kilikuwa kimeegemea ukingo wa meza, mahali msumeno ulipowahi kuteleza ukaacha ufa mdogo, na kilikuwa kinauchezea ule ufa, kinaingia na kutoka. "Ile tupa yako nyembamba," alisema taratibu, "unayosafishia herufi za mihuri. Iko wapi?"

"Unataka kumfanya nini mtu?"

"Nataka kuukwaruza mti wa mteja. Baba anisamehe, na asiponisamehe tutaonana huko huko."

Alifanya hivi. Kwenye kipande kizima, kabla ya kukata, alimwomba jirani amwekee kidole juu ya mstari mweusi. Hilo aliliomba, kwa mdomo, na halikumuua. Akapiga tupa pale pale, mkato mwembamba unaovuka mahali pa kukatia, upande mmoja tu. Akakata kwa msumeno katikati ya mkato. Kila nusu ikabaki na kijino, kijipengo cha kuingia ukucha, kwenye uso wake, pale inapokutana na mwenzake. Baada ya kutia vibomba akavizamisha vijino hivyo mpaka vikagusa shaba ya ndani, ili patasi isije ikavimaliza, na pete ya katikati ya kalamu ingevifunika vyote viwili mwishoni. Paka angeweza kuziangusha nusu zile mara mia. Ukucha ungejua.

Jumamosi Meneja alikuja kweli. Nyuma yake aliingia fundi samani, mtu mpana aliyejipenyeza mlangoni kwa taabu, na nje wapagazi wawili walikaa juu ya kamba zao. Mashine ilikuwa inazunguka. Mama Vumbi alikuwa ameinama, macho amefumba kabisa, maana pembeni kulimchanganya tu. Patasi ilikuwa imelala kwenye egemeo lake, kidole cha shahada kimeigandamiza, maranda membamba yanamrukia kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema fundi samani.

"Marahaba. Simameni hapo hapo. Anayenigusa nikiwa kazini namchonga na yeye."

"Mama, zima," Meneja alisema.

"Sizimi."

"Zima, tafadhali! Umefumba macho!"

"Ungependa niyafumbue? Hayasaidii. Nyamaza nisikie mti."

Meneja alipiga hatua kuelekea swichi. Fundi samani akamshika bega, si kwa wema, kwa ufundi tu. "Usizime mtu akiwa anamalizia," alisema. "Hata adui hafanyiwi hivyo."

Basi wakasimama. Sauti ya mti ikapanda, ikapanda, ikawa nyembamba, na mkono wa Mama Vumbi ukarudi nyuma wenyewe kabla patasi haijagusa chuma. Akachukua msasa. Akachukua nta, harufu yake ikajaa chumba. Kisha akazima, akatoa nusu zile, na kwa ukucha wa kidole gumba akatafuta kijino cha kwanza, akatafuta cha pili, akavikutanisha, akaikandamiza pete. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni kati ya wapagazi. Mama Vumbi alinyoosha kalamu kuelekea pale alipomsikia akipumua.

"Sema kweli. Ukisema uongo nitajua, mimi ni mtaalamu wa uongo. Mstari?"

Mwalimu aliizungusha kalamu kwenye mwanga. Aliishika kwa ngumi, kama mtu anavyoshika jembe, akaishusha kidogo, akaipandisha. Uso ukamkunjamana.

"Umenyooka," alisema. "Toka juu mpaka chini." Halafu, kwa sababu alikuwa ameambiwa aseme kweli, akaongeza, "Ila imenenepa kuliko ile ya kwanza."

"Mpini nao ulikuwa mnene. Mpe hakimu wako, mwambie mkono utazoea."

Fundi samani alikuwa amekwisha kuinama kwenye mashine, anaigonga kwa kidole. "Hii mashine nzima kabisa," alisema. "Inalia vizuri. Mimi naongeza bei." Akawachungulia wapagazi nje. "Tunabeba au hatubebi? Watu wangu wana kazi nyingine."

Meneja aliiomba kalamu kwa Mwalimu. Aliileta karibu na macho, akatafuta kama mstari umekatika mahali, akaupitia tena na tena, kwa bidii ya mtu wa bima. Alipoirudisha, macho yake yalikuwa mekundu.

"Utakuja kushindwa, mama," alisema. "Si leo. Lakini utakuja kushindwa kabisa."

Mama Vumbi alikuwa ameshachukua kipande kingine kwenye kikapu, cha mteja mwingine, anakifunga kwenye mashine kwa kupapasa.

"Nitashindwa," alisema. "Najua kuliko wewe. Siku hiyo nitakupigia simu mwenyewe uje na gari, na nitalia mbele ya wapagazi wako bila haya. Leo nina kazi, na wewe umesimama dirishani. Sogea, unanizibia mwanga."

Meneja aligeuka, akaliona dirisha, akasogea.